Weusi Begani mwa Kipkemoi

Katika zahanati moja nje kidogo ya Kedowa, hakuna aliyeogopwa kama Quinter Akumu. Alikuja kutoka upande wa ziwa miaka sita iliyopita, akawa ndiye daktari, maana mwingine hakuwepo. Mkono wake ni mwepesi kwa sindano, lakini ulimi wake, Mungu saidia. Mama akileta mtoto mwenye majivu kwenye kidonda, atasemwa mpaka foleni nzima iangalie chini. Mlangoni alibandika tangazo kwa kalamu nyekundu: NI MARUFUKU KUPAKA KITU KWENYE KIDONDA. Aliamini anaokoa maisha, na mara nyingi aliyaokoa kweli.

Jumanne hii alikuwa kwenye benchi nje ya mahakama, Kericho, mapajani fomu ya P3, ripoti ya majeraha aliyowajazia polisi. Kipkemoi, mchuma chai wa miaka ishirini na mbili, alishtakiwa kwa kujaribu kumpora bunduki Lazarus, askari wa akiba. Kwamba Lazarus ndiye aliyempiga risasi ya bega halikuwa na ubishi. Mtaalamu wa silaha alishalinganisha ganda la risasi na bunduki yake, na alama zikaoana. Ubishi ulikuwa umbali. Lazarus aliapa kwamba walikuwa wakivutania mtutu. Kipkemoi aliapa kwamba alikuwa akikatiza shamba la chai kutafuta ndama aliyepotea, hatua mia moja kutoka kwa askari, bila hata fimbo mkononi. Sheria humruhusu mwenye bunduki ya serikali kuitumia maisha yakiwa hatarini. Haimruhusu kwa sababu ameona mtu kwenye ukungu.

Mmoja wao angelala jela, na mizani ilielemea upande wa sentensi moja aliyoiandika Quinter mwenyewe: "Weusi kuzunguka tundu la kuingilia risasi." Moshi wa baruti hauendi mbali. Mtutu ukiwa karibu, humpaka masizi aliyepigwa. Ukiwa mbali, risasi hufika peke yake. Kwa sentensi hiyo Kipkemoi alikuwa rumande kwa miezi sita sasa.

Pembeni yake aliketi Chepchirchir, mama ya kijana, na kikombe na chupa ya plastiki yenye mursik, maziwa ya mgando.

"Daktari, kunywa kidogo. Umetoka mbali."

Miaka yote sita Quinter amekataa maziwa hayo kwa adabu. Leo aliona haya kumnyima mama huyu mwana na pia kumkatalia kikombe. Akanywa. Kikombeni kulibaki chembe nyeusi.

"Hii nyeusi ni nini, mama?"

"Makaa ya mti wa senetwet. Tunasugua nayo ndani ya kibuyu, maziwa isiharibike."

Quinter akatazama vidole vya yule mama. Mistari ya viganja vyake ilikuwa myeusi, weusi usiotoka hata kwa sabuni. Akakumbuka bega la Kipkemoi. Baruti ya karibu huacha punje zilizozama ndani ya ngozi, hazitoki kwa kuoshwa. Ule weusi wa begani ulitoka wote kwa pamba mbili. Aliuona ukitoka, na hakufikiri.

"Siku ile Kipkemoi alipigwa, uliweka nini begani kabla ya kumleta?"

"Hakuna, daktari."

"Mama."

"Nilifunga na leso tu. Mimi najua sheria yako."

Sheria yako. Quinter alilisikia neno hilo likimwingia. Karani akafungua mlango, akaita jina lake. Hakuinuka. Alimshika Chepchirchir mkono, akashusha sauti ambayo zahanati haijawahi kuisikia.

"Sitakukasirikia. Niambie ukweli tu, hata kama ni mbaya."

Karani akaita tena. Chepchirchir akatazama sakafu.

"Damu ilikuwa mingi. Nikamtoa sweta, nikamwaga makaa ya kibuyu, kiganja kizima. Ikasimama. Tukifika karibu na wewe nikapangusa ndio usione. Haikutoka yote." Akainua macho. "Imeharibu kesi?"

Quinter akainuka, akaingia.

Kizimbani, kiongozi wa mashtaka alimsomea sentensi yake. "Uliona weusi?"

"Niliona. Nikadhani ni baruti. Sikuuliza. Nilikosea." Akaeleza habari ya makaa na pamba.

"Nani amekuambia habari ya makaa?"

"Mama ya mshtakiwa. Hapo nje, sasa hivi."

Watu wakanong'ona. Kiongozi wa mashtaka akatabasamu. "Kwa hivyo daktari amenunuliwa kwa kikombe cha maziwa."

Uso ulimwaka Quinter kwa aibu. Siku nyingine angemrarua mtu huyo kwa maneno. Leo alimgeukia hakimu.

"Mheshimiwa, msiniamini mimi. Kijana alikuwa amevaa sweta. Moshi wa bunduki hauwezi kufika kwenye ngozi kabla ya kupita kwenye sweta. Polisi walilichukua nyumbani kwake siku hiyohiyo. Lifunguliwe."

Sweta lilikuwa mezani, ndani ya mfuko wa khaki ambao hakuna aliyeufungua tangu ufungwe. Karani akakata uzi. Lilikuwa sweta la rangi ya maziwa, bega limeganda damu ya kahawia, na katikati tundu dogo la duara. Hakimu aliligeuza kwenye mwanga wa dirisha, akalisogeza karibu na miwani, akaligeuza tena. Hapakuwa na masizi wala uzi ulioungua. Lazarus aliinamia viatu vyake.

Hakimu akaagiza sweta lipelekwe kwa mtaalamu wa silaha na Kipkemoi aachiliwe kwa dhamana siku hiyohiyo. Nyuma ya chumba Chepchirchir alijifunika uso kwa leso.

"Swali moja, daktari," hakimu akasema, kalamu ikisubiri. "Kijana amekaa rumande miezi sita. Huyu mama alijua kuhusu makaa tangu siku ya kwanza. Kwa nini hakukuambia?"

Quinter alikumbuka wino mwekundu mlangoni kwake.

"Aliniogopa, mheshimiwa."

Hakimu akaliandika na hilo.