Fundi wa Nginyira na Mlinzi Aliyemkamata

THIKA, 1958. Ving'ora vya viwandani vinaanza kulia Bedan Kang'ethe akichovya kisu kwenye mkebe wa maji. Anakipitisha kwenye tairi kuukuu la lori. Kisu kikavu hung'ang'ania mpira, lakini kikilowa hupenya kama kwenye ugali. Kabla chai yake haijapoa, soli mbili zimelala kwenye vumbi la mtaa wa Makongeni zikingoja mikanda.

Hizi ndizo nginyira, viatu vya tairi ambavyo vibarua wengi wa mji huu hawavui ila kwa kulala. Jozi ni shilingi mbili. Leo Bedan anafanya kazi mbiombio, kwa maana Jumatatu anapanda treni kwenda Kampala, na hadi juzi safari hiyo ilikuwa ndoto tu.

Mwenye duka mmoja wa huko aliviona viatu vyake miguuni mwa dereva wa lori, akamwita akamfanyie kazi miezi miwili. Lakini siku hizi za hali ya hatari Mkikuyu havuki wilaya bila ruhusa, sembuse mpaka, na Bedan aliwahi kufungwa. Miaka mitano iliyopita aliiba tairi kwenye shamba la mkonge huko Ruiru, akakaa ndani miezi sita.

"Niliiba, sikatai," anasema bila kuinua macho. "Tairi zilikuwa zimeadimika, tamaa ikanishinda."

Mara mbili alirudishwa kutoka ofisi ya D.O., mkuu wa tarafa. Mzee wa kanisa alimsemea, wapi. Karani alimkumbusha kwamba mwenye kovu usidhani amepoa. Alitakiwa alete mdhamini asiye ndugu yake wala wa kanisa lake, tena anayelijua kosa lenyewe.

Mkewe, Idah, ndiye aliyemtaja Tobias Barasa, mlinzi aliyemkamata. Bedan hakutaka hata kusikia. "Aibu ilinijaa," anasema. "Idah akaniambia, 'Baba Gathoni, aibu haitakulipia nauli ya Kampala.'"

Basi akaenda Ruiru, na Tobias, mpole wa watu kutoka Bungoma, akakubali kuja. Mbele ya D.O. alivua kofia, akaeleza jinsi asubuhi ile, akimpeleka mwizi wake polisi, mkanda wa kiatu chake ulivyokatika katikati ya miiba. Akabaki amesimama kwa mguu mmoja. Badala ya kutimua mbio, mwizi aliketi chini, akaomba kiatu, akatoa msumari mfukoni na kukitengeneza. Kisha wakaendelea na safari.

"Angekimbia singemfikia," Tobias alisema. "Alinitengenezea kiatu cha kumpeleka jela. Mtu kama huyo mimi namdhamini."

D.O. alicheka hadi akafuta miwani, kisha akamuuliza Bedan kwa nini hakutoroka.

"Nilikijua kile kiatu, nilikiuza mimi," Bedan alimjibu. "Kikatike mbele yangu, halafu nikimbie? Watu wangesema viatu vya Bedan ni vibovu."

Ruhusa ikatoka, ya miezi miwili. Asiporudi, Tobias ndiye atakayejibu. Hilo linamkosesha Bedan usingizi kuliko Kampala yenyewe. Anampenda yule mlinzi, na anasema hivyo waziwazi.

Akirudi anataka kupanga kibanda chenye paa. Kwa sasa anamalizia jozi ya mwisho, ya Tobias. Anapigilia mkanda, anauvuta kwa nguvu, anauvuta tena.

"Hii nimeipiga misumari ya miezi miwili," anasema. "Ya mwezi wa tatu nitakuja kuipiga mwenyewe."