Taa ya Kichwani Ilivyomdanganya Fundi Isihaka

Isihaka Athuman hakatai: siku ile mjinga alikuwa yeye, na aliyemjulisha hakuhitaji hata kupandisha sauti.

Saa mbili asubuhi mjini Kasulu, fundi huyu wa plasta mwenye miaka 43 amesimama kwenye korido isiyo na dirisha, mwiko mkononi. Anarudia ukuta uleule alioubandua juzi. Ukikubaliwa, anapewa kazi ya vyumba sita vilivyobaki. Ukikataliwa, anapanda basi kurudi kwao Murungu, Kibondo, mikono mitupu.

Wiki iliyopita alimaliza, akavaa taa ya kichwani kama mchimba dhahabu, akaukagua. "Niliuona umenyooka kama karatasi," anasema. "Nikamwita mwenye nyumba kwa maringo kabisa."

Mwenye nyumba, Immakulata Manirambona, anafundisha fizikia sekondari. Aliivua taa kichwani mwa fundi, akaishika pembeni, mwanga ukalala na ukuta. Mabonde na vinundu vikajitokeza kila mahali.

"Fundi, hii ni plasta au matuta ya viazi?"

Kosa, anaeleza mwalimu, ni taa kukaa karibu na jicho. Kila kinundu kinaficha kivuli chake nyuma yake, na ukuta mbovu unang'aa kama mzuri.

Mwezi nao ndivyo ulivyo, anaendelea mwalimu. Ukiwa mpevu, jua linaumulika kutoka nyuma yetu, unaonekana bapa. Ukiwa nusu, mwanga unaupiga ubavuni na mashimo yanajichora, vivuli vikali, maana huko hakuna hewa ya kuvififisha. Tena unapofikia upevu mng'ao wake hupanda ghafla, jambo ambalo mwamba mtupu usingelifanya: ni vivuli vya punje za vumbi vinavyojificha nyuma yake zote kwa pamoja. Kwa kupima hivyo, wataalamu walihisi kuna vumbi tifutifu kabla mtu hajaukanyaga. Hadi leo hupima vivyo hivyo miamba midogo ya angani ambayo hakuna aliyeifikia.

Isihaka aliishia darasa la sita, na vidole viwili alivipoteza kwenye mashine ya tofali. Nyumba yake mwenyewe haina plasta. Vyumba hivi sita vikipatikana, kwa malipo yake ataanza kupiga plasta chumba cha mama yake, kabla ya mvua.

Saa nane mwalimu anaipitisha taa ubavuni mwa ukuta, polepole, hadi mwisho.

"Kesho anza sebuleni."

Roho ikishatulia, Isihaka anarudia ubishi wake wa wiki nzima. "Lakini mwalimu, mwezi wenyewe hujaugusa. Utajuaje una vumbi?"

"Na wewe ukuta wangu uliugusa siku tatu. Ulijua nini?"