Vifuniko vya Wodi Iliyofungwa

Saa saba mchana, kitoroli cha chuma kinateremka kwenye njia ya saruji kutoka wodi ya wagonjwa wa mlipuko. Kimepakia hotipoti, mabakuli na chupa za uji. Gurudumu likipita kwenye ufa, vifuniko vinagongana. Nje ya geti, watu waliokaa kwenye kivuli cha ukuta wanasimama.

“Mama Vyombo, leo harusi ya nani?” anauliza mlinzi akifungua kidirisha cha geti.

“Yako. Bibi harusi kakukimbia, tumebaki na vyombo.”

Mama Vyombo ana miaka hamsini na miwili, na ni mhudumu wa wodi kwa mkataba wa muda. Jina hilo amepewa na ndugu wa wagonjwa, tangu ugonjwa uliposambaa na hospitali ikapiga marufuku wageni. Zamani kazi yake ilikuwa kupiga deki na kutandika vitanda. Sasa asubuhi anapokea pia chakula getini na kukiingiza ndani. Mchana anarudisha vyombo.

Kila chombo kina kipande cha plasta chenye namba ya kitanda. Anakipitisha dirishani bila kusema neno. Mhudumu haruhusiwi kueleza hali ya mgonjwa. Hiyo ni kazi ya daktari, kwa simu. Simu ya wodi ni moja, na huita mpaka ikakatika.

Kwa hiyo ndugu walijifunza kupima kwa mkono. Chombo chepesi, mgonjwa anakula. Chombo kizito hakikufunguliwa pale getini. Mtu alikikumbatia na kuondoka nacho.

“Nyumbani, chombo cha jirani ukikirudisha kitupu unaonekana huna adabu,” anasema Mama Vyombo. “Hapa watu wanakiombea kiwe kitupu.”

Kisha likaja agizo jipya: chakula chochote kilichobaki kimwagwe ndani na vyombo vioshwe kwa maji ya dawa kabla ya kutoka, ili ugonjwa usivuke geti. Hakuna aliyelipinga, hata yeye. Akamwaga na kuosha.

Siku ile vyombo vyote vilitoka vyepesi.

Pale nje palikuwa na fundi viatu mmoja ambaye mama yake alikuwa amelazwa kitanda cha kumi na moja. Bibi huyo alikuwa hajala kitu. Uji wake ulikuwa umemwagwa kama ulivyoingia. Fundi akapokea bakuli, akalitikisa karibu na sikio, akacheka. Akamwambia Mama Vyombo kwamba kesho ataleta uji zaidi, maana anamjua mama yake, akianza kula haachi.

“Nilimwitikia tu,” anasema. “Nikageuza kitoroli. Njia nzima nasikia anavyocheka.”

Kesho yake alimwaga na kuosha kama alivyoagizwa. Ila bakuli la kitanda cha kumi na moja alilifunika kifuniko juu chini. Akafanya hivyo kwa kila mgonjwa ambaye hakula. Hakumweleza mtu. Fundi akakitazama kifuniko, akakigeuza, akatazama vyombo vya wenzake, vingi vimefunikwa sawasawa. Hakucheka tena. Aliligonga geti, akitaka kuingia amlishe mama yake, mpaka mlinzi akaenda kuita wakubwa.

Muuguzi mkuu wa wodi, ambaye wote humwita Sista, alimwita Mama Vyombo ofisini. Alimwuliza ni nani aliyemtuma kutangaza habari za wagonjwa. Mama Vyombo akajibu kwamba hajafungua mdomo. Sista akamkumbusha kwamba mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi, na kwamba anayeandika mapendekezo ya kuuongeza ni yeye Sista.

Sista naye ana yake. “Nina wauguzi wawili kwa wagonjwa thelathini,” anasema. “Kumlisha mtu asiye na pumzi kunataka saa nzima, kijiko kwa kijiko. Siwezi. Na aproni zikiisha, wauguzi wangu wanavaa mifuko ya taka. Nikimwingiza ndugu, nimvishe nini?”

Maneno hayo yalimfikia fundi getini. Asubuhi iliyofuata alikuja amevaa koti la mvua hadi magotini, mabuti ya mpira aliyoyaziba mwenyewe, na barakoa. Jua lilikuwa kali. Mlinzi alimwuliza kama anakwenda kuvua samaki.

Sista alitoka, akamzunguka kama anayekagua gari bovu, akavuta zipu ya koti mpaka kidevuni. Akaenda kusema na daktari. Aliporudi alimwambia fundi maneno mawili: “Usiguse kitu.”

Bibi alikula vijiko vitatu vya uji kutoka mkononi mwa mwanawe. Alifariki Ijumaa ya wiki ile. Bakuli lake halikupakiwa kwenye kitoroli. Fundi alitoka nalo mwenyewe, kifuniko kikiwa kimekaa sawasawa.

Uongozi wa hospitali unasema suala la kuruhusu ndugu mmoja kwa kila mgonjwa, wakati wa chakula, bado linajadiliwa. Sista hajaandika mapendekezo yake. Vifuniko pia hajavikataza, na Mama Vyombo anaendelea kuvigeuza.

Akiulizwa anataka nini, hafikirii sana.

“Nirudi kwenye deki yangu. Kila mtu aingie amlishe mtu wake, akitoka atoke na chombo chake mkononi. Hiki kitoroli nitabebea ndoo.”

Anapitisha bakuli la mwisho dirishani. Hakuna hata wingu moja, na watu waliokaa ukutani wamekunja makoti ya mvua mapajani.