Kipande Chetu cha Mwamba

Wakati wetu, mtoto wa pwani ya Tanga hakuulizwa saa, aliulizwa maji. "Yameanza kupwa?" mama angeuliza, nawe unatoka mbio nyuma ya nyumba kuchungulia bahari na kurudi na jibu. Kama yameanza, hata uji ulinywewa wima. Wenzangu mliokulia huko mnanielewa. Hawa wanangu wa Johannesburg nikiwaambia maji yamekupwa, wanakwenda kujaribu bomba. Wanadhani yamekatika tena.

Kijijini kwetu mwamba ulikuwa wa wanawake. Wanaume walikuwa na nyavu zao huko kwenye kina, sisi tulikuwa na pweza. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake, kutoka jiwe fulani mpaka jiwe fulani, na hakuna aliyevuta kamba kupima. Mama aliyajua matundu ya kipande chetu kama alivyovijua vyungu vyake. Alikuwa akiingiza mkonjo, ile fimbo yenye ncha ya kuchokolea pweza, anatulia kidogo, halafu anasema, "Yupo, lakini mdogo. Mwache ale kwanza." Nasi tunapita na njaa yetu.

Halafu kulikuwa na kufunga. Kina mama walikubaliana, tawi la mkoko likachomekwa mwanzoni mwa mwamba, na tangu hapo hakuna kukanyaga mpaka pweza wakue. Sisi watoto tuliona tunaonewa. Tulikula mchicha asubuhi, mchicha jioni, mpaka tukauchukia. Wachuuzi walikuja kutoka mjini na masanduku yao ya barafu na maneno matamu, wakitaka mwamba ufunguliwe mapema. Jirani yetu Bi Tatu, mwanamke mwenye ulimi usio na breki, aliwauliza kama kwao mahindi huvunwa yakiwa maua.

Lakini siku ya kufungua, jamani! Bamvua limevuta maji mbali kabisa, kanga zimefungwa viunoni, vigelegele mwamba mzima. Jioni katika kila ua unasikia mtu anamponda pweza juu ya jiwe mpaka alainike, kisha nazi inakunwa, na harufu inakufuata hadi msikitini. Tuligombania minyiri, ile mikono ya pweza, kwa viwiko, na aliyelia alikosa.

Sheria za mwamba zilikuwa chache na hazikuwa na mchezo. Ukigeuza jiwe, ulirudishe lilivyokuwa, maana chini yake ni kwa watu, ndivyo mama alivyowaita pweza na kaa. Mtoto aliyesahau alirudishwa hata kama ameshafika mlangoni, akalie huko huko. Na nyumba ambayo haikutoa mtu wake siku ya kufungua, kipande chake kilipewa nyumba nyingine yenye mikono ya kukitunza. Bila ugomvi, bila kesi. Kimekwenda.

Ndiyo maana mwaka huu sikuwa na raha. Magoti ya mama yamekataa mawe, na binti yake ni mimi peke yangu, na mimi nasuka nywele huku Johannesburg, mtaa wa Randburg. Mwenye saluni hakunipa ruhusa. Nikamtuma mwanangu Mwanaidi, mwenye jina la bibi yake, shule zilipofungwa. Mtoto amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kizulu. Nikamwambia afungashe vitu vya pwani, akafungasha glavu na chaja mbili.

Mama alinipigia siku aliyofika. "Umeniletea mtalii," akasema. "Nimemwambia hujambo, kanijibu sharp!"

Nilicheka, maana huku sharp ndiyo poa yao, lakini mawazo yalikuwa mwambani. Bibi zangu wote walisimama kwenye kile kipande. Kingeondoka mikononi mwangu, mimi niliyekuja huku kutafuta maisha, na nisingekuwa na pa kumwonyesha mtu nikasema hapa ni petu.

Siku ya kufungua nilikuwa na mteja, mama mmoja wa Bukavu, macho yangu yote kwenye simu. "Mama we, unanivuta kichwa!" akalalamika. Nikaomba radhi, nikaendelea kumvuta. Simu ilipolia, ilikuwa sauti ya mama, na hakuweza kusema kwa kucheka. Yeye mwenyewe alikaa ufukweni, Bi Tatu ndiye aliyemwongoza mtoto na kumpa sheria za mawe. Pweza alipomshika mkono, Mwanaidi alipiga ukelele uliowatoa wanaume majumbani. "Lakini kakanyaga," mama akasema. "Kipande ni chetu."

Nilikaa chini. Mteja akageuka kuniuliza kama kuna msiba.

Baadaye ukaja ujumbe wake wa sauti. Mama hakuwa anacheka tena. Walikuwa wameshafika nyumbani, akasema, mtoto ameshaoga, mara kavaa raba zake zenye tope na kutoka. Hakuna aliyemtuma wala kumwambia neno. Halafu ukaingia ujumbe wa Mwanaidi mwenyewe, anahema, na nyuma yake maji yanajaa.

"Mama, eish, nilisahau stone moja. Sasa nimerudisha. Kulikuwa na mtu chini yake."

Nikafuta macho kwa taulo la mteja. Siku hizi pweza ninayemla ananunuliwa hapa dukani, ameganda ndani ya plastiki, na hakuna ajuaye ametoka chini ya jiwe gani. Natamani ile harufu ya jioni, natamani hata ule mchicha. Na huyu mtoto wangu, hapa nyumbani Troyeville, hajawahi kurudisha hata kikombe mahali pake. Sisi enzi zetu tulirudishwa mwambani tukilia. Yeye amekwenda mwenyewe.