Ombi Alilolituma Baba

Mshauri wa shule, Bi Kowalczyk, aligeuza kompyuta ili Maren ajionee mwenyewe: maombi mawili ya mapema, yale yanayotumwa kabla ya msimu wa kawaida, kwa vyuo viwili vya binafsi.

"Hiki cha pili sikukiomba mimi," Maren alisema.

"Basi kimeombwa kwa jina lako, mwanangu. Na kile cha kwanza ulikitilia saini kwamba hutaomba mapema chuo kingine cha binafsi. Cha serikali, ruksa. Wakijua, wanakufuta."

Maren hakuuliza ni nani. Nywila yake ilijulikana na mtu mmoja tu, na chuo cha pili ndicho alichosoma mtu huyo. Kila Jumamosi ya mpira yeye huivalisha nyumba nzima fulana za chuo hicho.

Alimkuta baba yake, Curt, uani akizoa majani makavu.

"Baba, umeomba chuo kwa jina langu?"

"Nimekuwekea akiba tu. Si hao wa chuo chako wamesema wenyewe ukikubaliwa hulazimiki kwenda? Una mpaka Mei kuamua."

"Kutolazimika kwenda si ruhusa ya kuomba kwingine! Niliahidi, baba."

"Aa, karatasi tu hiyo! Utanishukuru."

Huyu ndiye aliyemkanya tangu utotoni asidanganye hata kwenye karata. Maren aliingia ndani, akabadili nywila, akaliondoa ombi la pili, kisha akaanza kukiandikia chuo chake barua ya kukiri. Alipofika mahali pa kumtaja aliyekosa, alisita kidogo. Halafu akaandika jina la baba yake, kamili.