Siku Tuliyotaja Ila za Gari Letu

Simu ya kaka yangu ilinikuta Kitale, nikipakia viazi kwenye lori la mtu ambaye hata jina lake sikuwa nimelishika.

"Njoo," alisema. "Gari la baba tunaliuza Jumatano. Mnunuzi hataki kushika ufunguo mpaka wenyewe wote tuwepo."

"Mama anasemaje?"

Akakohoa. "Mama atazoea bodaboda."

Hapo nikajua Mama hajasema lolote. Mama alianguka na bodaboda pale njia panda ya Minjila miaka minne iliyopita, akavunjika nyonga, na tangu hapo akipita karibu na pikipiki iliyoegeshwa huikaza leso yake kana kwamba itamrukia. Lakini kila Ijumaa ni lazima aende kijiji cha Wema kwa dada yake mkubwa, ambaye macho yake yamezima. Humsuka nywele, hula naye, na humsimulia njia nzima: nani amepaka nyumba chokaa, maji yamefika wapi, mpunga wa nani umelala. Gari likienda, Ijumaa inakwenda nalo. Nikaomba ruhusa, nikapewa nusu gunia la viazi badala ya ujira, nikapanda nalo basi.

Gari lenyewe ni lile refu la familia, lenye paa linaloendelea hadi mwisho na mlango mmoja mkubwa nyuma unaofunguka kwenda juu. Lina safu tatu za viti. Safu ya tatu imegeuzwa. Ukikaa pale unatazama ulikotoka. Baba alilinunua Malindi, na kabla hajafa alisema ni letu sote wanne: Mama, kaka, dada, na mimi. Nadhani alitaka tusigombane. Matokeo yake ni kwamba kila mmoja alipata kitu cha kupenda na kitu cha kuchukia, na hakuna aliyekubaliana na mwenzake hata mara moja.

Kaka analima mahindi Bura, kwenye maji ya mfereji. Alipenda jinsi gari linavyomeza magunia. Alichukia jinsi linavyozama. Tope jeusi la kwetu likilionja tu linalishika mpaka tumboni, na kule Bura kila mtu anapita na pikipiki akimpungia mkono. Alitaka pikipiki ya magurudumu matatu, ndiyo sababu ya kuuza.

Dada anauza leso na madera Garsen. Yeye alipenda ule mlango wa nyuma, kwa sababu siku ya soko akiuinua anapata duka lenye kivuli. Ila mlango haushiki. Unategemezwa kwa mchi wa Mama wa kutwangia, na mchi ule umekaa ndani ya gari miaka mingi hivi kwamba Mama, akitaka kutwanga, huazima wa jirani. Dada alichukia pia harufu. Asubuhi ya harusi yake gari lilikuwa limetumwa kuchukua beberu wa karamu. Beberu alishuka, bibi harusi akapanda. Mpaka leo shemeji yangu akitaka kumchokoza huvuta hewa puani kwa nguvu.

Na rivasi, gia ya kurudi nyuma, halina. Lilikwama kwenye mafuriko, baba akalazimisha, kitu kikakatika. Fundi wa Garsen aliagiza kifaa, bado tunakingoja. Tangu hapo maisha yetu yote yamepangwa kwa kwenda mbele. Tunaegesha pale tu ambapo tunaweza kutoka. Tukikosea, abiria wote hushuka kusukuma, hata wageni, hata sheikh mmoja aliyeombwa lifti akiwa na kanzu mpya.

Siku nilipoondoka nyumbani mara ya kwanza, nikiwa nimemaliza kidato cha nne, baba na Mama walinipeleka njia panda kupanda basi la Malindi. Nilipewa kiti cha mbele, karibu na dereva. Lakini gari la baba lilikuwa limeelekea upande ule ule wa basi, barabara imeinuka, maji huku na huku, na hapakuwa na mahali pa kuligeuza. Ikabidi atangulie. Basi likamfuata nyuma, haliwezi kumpita. Na Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kile kinachotazama nyuma. Basi niliondoka kwetu nikitazamana na mama yangu, yeye kwenye kioo chake na mimi kwenye changu, kilomita kama kumi. Mwanzo alilia. Baadaye akachoka kulia, akanionyesha kwa ishara nifunge kifungo cha shati. Dereva wa basi akaniuliza, "Huyo mama anakudai?"

Kwa hiyo mimi nilikuwa na sababu zangu za kutotaka liuzwe, hata kama nimelikimbia kila mwaka.

Jumatano mnunuzi alifika nyumbani Minjila na mashahidi wawili wa kutoka soko la mifugo. Alikuwa Muorma mwenye ndevu za hina, fimbo na simu mbili. Ng'ombe wake ni wengi, na alitaka gari la kubebea ndama wakati wa kiangazi, wale wanaoshindwa kutembea. Maisha yake yote amenunua na kuuza sokoni Garsen, na huko sheria ni moja: mnyama mwenye wenyewe wanne, wote wanne waje, na kila mmoja ataje ila, kasoro anayoijua, mbele ya mashahidi. Ila iliyofichwa humrudisha mnyama. Hakuona kwa nini gari liwe tofauti.

Alilizunguka mara tatu. Akalipigapiga ubavuni kwa kiganja, akasikiliza. Akainama kutazama matairi kama mtu anayetazama meno. Alipofika nyuma alikuta mlango umeinuliwa, mchi umesimama, na Mama amekaa kwenye kiti chake akitutazama kama aliye barazani. Alikuwa humo tangu alfajiri.

"Na huyu?"

"Huyo ni mama yetu," kaka alisema.

"Anaenda na gari?"

"Hapana, mzee. Atashuka."

Mama hakushuka. Mzee akamwamkia kwa adabu, akasimama kando. "Haya. Mkubwa aanze. Sema ila."

Kaka alitaja tope, akalitaja kwa haraka. Mzee alitikisa kichwa. Kwenye tope yeye haendi na gari, anaenda na miguu. Zamu yangu ikafika, nami nilikuwa nimejiandaa usiku kucha ndani ya basi. Nilitaka akimbie.

"Halirudi nyuma, mzee. Hata hatua moja."

Akawatazama mashahidi. "Ng'ombe pia harudi nyuma. Ikirudi, iko na wazimu."

"Milango ya katikati haifunguki ukiwa ndani."

"Vizuri. Ndama hatatoka."

"Honi hulia yenyewe ukikata kushoto."

"Mbuzi watasikia, watatoka njiani."

"Lina harufu ya beberu, na haitoki!"

Pale uso wake ulilainika kabisa, akaingiza kichwa dirishani akavuta pumzi. "Kweli," alisema. "Ndama wataona ni nyumbani."

Kaka alinibana kiwiko. Alidhani namsaidia. Dada, ambaye kwa wiki nzima alikuwa upande wa kuuza, sasa alinitazama, akamtazama Mama ndani ya gari, na nikaona moyo wake unapinduka. Dada ana akili ya soko kuliko sisi wote.

"Mzee, hawa wanalisingizia," alisema. "Hili gari halina neno. Zuri! Tangu baba alinunue halijawahi kusumbua hata siku moja."

Mzee akatoa kichwa dirishani. Mashahidi wakaacha kutafuna miraa.

"Hata siku moja?"

"Hata saa moja, Wallahi."

"We!" kaka alifoka. "Unalisifia nini? Lilizimika jana hapa hapa!"

"Lilipumzika."

"Dada, nyamaza, unaniharibia biashara!"

"Si ndiyo kuuza? Anayeuza husifu!"

Mzee alirudi nyuma hatua mbili. Huko sokoni, mnyama anayesifiwa na mwenyewe ni mnyama aliyekwisha kuzikwa nusu. Nikaelewa mbinu ya dada, nami nikaanza kusifu: rangi, taa, kiti cha dereva, jinsi linavyokula mafuta kidogo. Kaka, jasho linamtoka, akaanza kulitukana kwa sauti ya juu ili kuokoa bei. Alisema klachi ni ya kuombea dua. Alisema breki ni ahadi tu. Jirani waliopita njiani walisikia mtu anayetaka kuuza gari akilitukana na watu wasiotaka kuliuza wakilisifu, wakasimama kutazama.

Mzee aliinua fimbo, tukanyamaza.

"Mama wa nyumba hajasema," alisema, akaenda nyuma. "Dada yangu, wewe. Ila ni nini?"

Mama aliiweka sawa leso yake. "Ila yake ni moja," alisema. "Linataka mtu wa kuliendesha, na wanangu wote wana safari. Huyu yuko Bura. Huyu wa kike hajui. Yule mwingine akilishika usukani nafikiri atashukia Mombasa. Ananiendesha jirani, naye siku hizi anasimamisha gari kwa kichuguu akidhani ni abiria."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

"Na uzuri?"

"Uzuri wake ni hapa nilipokaa. Ukitazama mbele, kitu kinakujia mbio na kukupita hujakiona. Hapa kinakaa na wewe mpaka kiishe. Ndiyo nampelekea dada yangu Wema, yeye haoni."

"Unampelekea nini?"

"Nilichokiona."

Mzee aliegemea fimbo. Nilimwona anamwonea huruma kidogo, ile huruma ya mtu aliyekwisha kuamua kununua. "Ijumaa iliyopita ulimpelekea nini?"

"Nilimwambia nimeona ng'ombe wako."

"Wangu?"

"Wenye sikio la kulia lililokatwa ncha mbili. Pale kabla ya kuacha lami. Nilimwambia wamenenepa, isipokuwa yule mweusi mwenye baka jeupe tumboni. Anachechemea. Mguu wa nyuma, kushoto. Na wachungaji wako wamekaa upande wa pili wanaangalia simu."

Mzee alitoa simu moja, akapiga, akaongea Kiorma kwa upole. Kisha kwa ukali. Kisha akasikiliza kwa muda mrefu, macho yake yakiwa kwa Mama. Alipokata simu aliuliza jambo moja tu:

"Kutoka kwa gari? Ikikimbia?"

"Hili halikimbii," Mama alisema.

Akamwita kaka pembeni. Walipeana mikono chini ya kikoi kama desturi ya soko inavyotaka, vidole vikazungumza bei, sisi wengine tusione. Kaka alirudi anatabasamu. Limeuzwa. Dada aliketi juu ya gunia langu la viazi, akafunika uso kwa mtandio. Mimi nilikwenda kumshika Mama mkono ashuke.

"Muache," mzee alisema. "Nani amekuambia mama anashuka?"

Akatueleza, mashahidi wakiitikia. Kwao mwenye mifugo mingi humpa mwenzake ng'ombe wa maziwa akae naye. Anayekaa naye hunywa maziwa. Ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Gari sasa ni lake, hilo kila mtu amesikia. Lakini mvua iko karibu, ndama wana nguvu, na yeye hana mahali pakavu pa kulilaza. Basi atalikabidhi kwa dada yake huyu, akamwonyesha Mama. Anywe maziwa. Kiangazi kikikaza atakuja kulichukua, na mvua ikinyesha atalirudisha.

"Kila Ijumaa ukitoka Wema, nitapiga simu," alimwambia Mama. "Utaniambia umeona nini."

"Nitamwambia dada kwanza," Mama alisema. "Wewe baadaye."

"Sawa. Na ikizaa," akainua kidole, "ndama ni yangu."

"Ni yako," Mama alisema, bila hata kutabasamu, na mashahidi wakashuhudia.

Yalikuwa yamekwisha, watu wameanza kuondoka, pale mzee alipogeuka. "Mchungaji wake ni nani?"

Mama alininyooshea kidevu.

Nilikuwa nimepanga kurudi Kitale Alhamisi. Nilimweleza mzee kwamba nina kazi, kuna lori linaningoja, nina mpango wa kwenda Lodwar kuona huko kukoje. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa fimbo yake. Sikujua nifanye nini na fimbo. Nikaiweka garini, karibu na mchi.

Ijumaa nilimpeleka Mama Wema. Nilikuwa natazama mbele, yeye nyuma, tumepeana migongo, na njia nzima nilimsikia akinong'ona anachokiona asikisahau. Kule Wema nililizungusha gari nyuma ya nyumba ya mama mkubwa ili lielekee njiani. Honi ikalia yenyewe nilipokata kushoto, naye mama mkubwa, aliyekuwa mlangoni na nywele zake zimefumuliwa tayari, akaita, "Mmechelewa! Haya, njia imesemaje?"

Jumamosi asubuhi mzee alikuja kumwangalia mnyama wake. Alilizunguka, akalipigapiga ubavuni, akainama kwenye matairi. Akaniangalia kwa muda, kama mchungaji anayeshukiwa kunywa maziwa kisirisiri.

"Imekonda," alisema. "Unaipeleka wapi?"

"Wema tu, mzee. Kwenda na kurudi."

"Hm."

Kutoka barazani Mama akapaza sauti. "Muulize, yule mweusi mguu wake unaendeleaje! Jana sikumwona!"

Mzee aliacha matairi, akaenda barazani kumjibu, na mimi nikabaki nimeshika ufunguo.