Magamba ya Viwiko na Sahani Moja ya Ugali

Niliporudi Rangwe kutoka Doha nilikuja na diploma ya upishi, nikajenga nyumba ya mawe ambayo ukoo wetu haukuwahi kuona mfano wake. Nilikuja pia na magamba meupe kwenye viwiko. Diploma niliitundika ukutani. Magamba niliyafunika kwa mashati ya mikono mirefu, joto lote lile.

Kwetu wanaume hula ugali kutoka sahani moja. Shangazi aliyenilea aliniona nikinawa, mikono ya shati nimeikunja, na siku iliyofuata nikawekewa sahani ya peke yangu.

"Mgeni wa ndege hali na washamba," binamu yangu akatania.

Shangazi hakucheka. "Umejenga kabla ya kaka yako mkubwa," aliniambia kando. "Hiyo ni chira." Laana ya kuvunja mwiko. Hata hivyo alinionea huruma, akanipa jiwe lake la kusugulia nyayo. "Sugua, mwanangu, itoke."

Nilisugua mpaka damu. Kila nilipojichubua, gamba jipya liliota.

Nikaenda kliniki ya ngozi Homa Bay, shangazi akifuatana nami. Daktari alikishika kiwiko changu kwa mkono usio na glavu, shangazi akakodoa macho.

"Nani alimwambia asugue?"

"Mimi," shangazi akasema.

"Mama, jiwe ni la nyayo. Hii ni soriasisi. Kinga ya mwili wake imechachamaa, ngozi inaota upesi kupita kiasi. Haiambukizi, na si chira. Haiishi kabisa, lakini inatulizwa."

Dawa ya kupaka kama alivyoelekeza, mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu, bia niache. Wengine huchoka njiani. Mimi nimefundishwa kufuata vipimo vya mchuzi. Vya dawa vingenishindaje?

Magamba yalipopungua yakabaki mabaka ya waridi. Jumapili moja nikapika samaki wa ziwani kutoka Sindo, nikavaa shati la mikono mifupi, nikaketi na wanaume.

"Mgeni, sahani yako iko wapi?" binamu akauliza.

"Nimempa paka."

Kicheko kikazimika shangazi alipoinama kati yetu. Alimega tonge upande wangu, palipopita vidole vyangu, akachovya, akala, wote wakitazama.

"Chumvi imekaa sawa," akasema.

"Lazima ikae, shangazi. Nina diploma."

Binamu akasogea, akaniachia kichwa cha samaki.